Uanaume wa Ufipa na Neno Sumu

Mollo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya baridi ya asubuhi, mahindi na maharage. Watu wa mbali wakilisikia jina hilo hulihusisha na gereza. Gereza la Mollo ni gereza la kilimo, na wafungwa wake hutumikia vifungo vyao shambani. Naanzia hapo kwa sababu neno ninalolifuatilia katika makala haya lilipata maana yake ya kitaalamu gerezani, ingawa ni katika magereza ya Marekani.

Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili, Terry Kupers, aliandika kuhusu wafungwa wanaume wanaokataa kutibiwa. Aliona kwamba gerezani kuomba msaada ni kujitangaza kuwa mnyonge, na mnyonge huonewa. Mwanaume akilia usiku, kesho anatafutwa. Kwa hiyo mgonjwa hunyamaza, anakaza uso, anapiga kabla hajapigwa. Tabia hizo alizikusanya chini ya jina moja, uanaume wenye sumu: zile sehemu za uanaume zinazochochea kutawala wengine, kumdharau mwanamke, kuwachukia mashoga na kufanya ukatili usio na sababu. Kupers alisema waziwazi kwamba uanaume una sehemu nyingine nyingi zisizodhuru mtu, na kwamba mwanaume kujivunia kazi yake au kuilinda familia yake si ugonjwa.

Kabla yake, neno lilikuwa limezaliwa mahali ambapo wengi hawapatarajii. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na wanaume wa Marekani waliokutana porini na kambini kutafuta upya maana ya kuwa mwanaume. Mmoja wao, Shepherd Bliss, mwana wa mwanajeshi na yeye mwenyewe askari wa zamani, ndiye aliyelitumia neno hili mapema kueleza ukali wa kijeshi wa baba yake. Alichagua lugha ya tiba makusudi, kwani aliamini kwamba maradhi haya yana dawa yake. Kwa hiyo waliolianzisha neno hili ni wanaume walioupenda uanaume na kutaka kuuponya. Leo linarushwa kama jiwe kumpiga mwanaume yeyote, na wapo wanaume wanaolikimbia kana kwamba lilitungwa na maadui zao. Pande zote mbili zimesahau lilikotoka.

Kiswahili kilikuwa na neno lake mapema. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, na TGNP, mtandao wa jinsia ulioanza mwaka 1993, walilieneza neno mfumo dume mpaka likaingia kwenye mikutano ya vijiji. Ni neno zuri, kwa sababu linataja mfumo na kumwacha mtu. Dume peke yake bado ni sifa katika vinywa vya watu. Mfumo dume ni lawama, lakini inaelekezwa kwenye mpangilio. Lilipokuja "uanaume sumu" kupitia mitandao ya simu, mpangilio ukasahaulika, akabaki mtu.

Mbali na kulirusha neno hili na kulikimbia, yapo matumizi mabaya ya aina ya tatu, yanayoniuma zaidi, nayo hayapigiwi kelele. Ni pale mume anapompiga mkewe, kisha mtu mwenye nia njema, wa shirika au wa ofisi, anaeleza kwamba hizo ni mila za huko. Ni pale mpigaji mwenyewe anapojitetea kwa maneno hayohayo. Hapo sumu imepewa hati ya ukoo. Ufipa ni mahali pazuri pa kuichunguza hati hiyo, maana historia ya wanaume wake inajulikana vizuri kuliko ya wengi.

Masimulizi ya asili ya watu wengi huanza na mkuki. Ya Ufipa yanaanza na kigoda kilichoachwa. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na uzao wake ukatawala Milansi, chini ya mlima Itwelele. Siku moja mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni kutoka kaskazini, na mkubwa wao akakalia kigoda cha enzi. Mfalme aliporudi hakupigana. Walipatana: wageni wachukue utawala wa nchi, Milansi ibaki na kijiji chake na heshima yake ya kikuhani. Kutoka kwa wanawake hao ukatoka ukoo wa watawala walioitwa Watwa, ambao wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo. Baadaye nchi iligawanyika, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini, kila moja na mwene wake, yaani mtawala wake. Sisemi kwamba hayo yalitokea hivyo. Nasema kwamba watu walioyasimulia kizazi hata kizazi hawakuona haya kumweka mwanamke mwanzoni mwa dola yao, wala kumsimulia mfalme aliyepatana mahali pa kuchoma mkuki.

Vita hata hivyo vilikuja, na vilikuja na mfano wa uanaume. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, walipanda hadi Ufipa. Kwao kijana aliingia katika kikosi cha rika lake, na alihesabika kwa ng'ombe na mateka aliowaleta. Zwangendaba alifia hapohapo Ufipa, mahali panapoitwa Mapupo, kabla ya muongo huo kwisha, na watu wake wakagawanyika. Baadhi wakaenda kaskazini Unyamwezini, wengine wakashuka hadi nchi inayoitwa leo Songea. Waliwaachia Wafipa majeraha, na Nkansi na Lyangalile wakaendelea kupigana wao kwa wao mpaka yapata mwaka 1860.

Kisha wakaacha. Hili ndilo jambo ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa kuanzia mwaka 1962, alilifikiria kwa miaka mingi na mwaka 1989 akaliita fumbo la amani. Mwaka 1880 msafiri Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa amepita katika nchi nyingi zenye kujilinda kwa maboma, alifika kwa mwene Kapufi akashangaa. Aliandika kwamba hajaona watu wakulima kama hawa, watu walioweka moyo wao wote shambani wala hawaendi kuvamia jirani. Kizazi kimoja tu kilikuwa kimepita tangu vita. Wanaume waliozaliwa wakati wa Wangoni walikuwa watu wazima wa vijiji vilivyolima.

Walilima kwa namna yao. Kilimo cha ntumba kilimtaka mtu akate nyasi wakati wa mvua, azifukie chini ya tuta la duara, aache zioze ziwe mbolea, halafu msimu unaofuata alitawanye tuta na kupanda ulezi. Ni kazi nzito ya mgongo, na wanaume na wanawake waliifanya pamoja. Walipopumzika waliongea, na Willis anaeleza jinsi mazungumzo ya kupokezana yalivyothaminiwa: mtu mzima alijulikana kwa kusema vizuri na kusikiliza vizuri. Wanaume walifuma nguo za pamba. Walifanya biashara. Na waliyeyusha chuma.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu tanuru linafundisha jambo ambalo hotuba zetu nyingi kuhusu uanaume hazilijui. Malungu ya Ufipa yalikuwa matanuru marefu ya udongo, kimo chake kikimzidi mtu mrefu, yakivutwa na upepo wenyewe bila mivuo. Mabaki yake bado yamesimama porini. Tanuru lilitunzwa kama bibi harusi, na chuma kilikuwa mtoto wake. Mafundi wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao, wakashika miiko. Fundi aliyeshindwa kujizuia aliharibu kazi ya wote. Zao la tanuru likawa majembe, majembe yakawa mali ya biashara na mahari. Kwa hiyo pale palipokuwa na moto mkali na nguvu nyingi, kilichompima mwanaume ni uwezo wa kujitawala. Anayesema leo kwamba mwanaume wa Kiafrika tangu asili hawezi kujizuia hajui malungu.

Lakini sitaipaka Ufipa ya zamani rangi nisiyoijua. Tanuru hilohilo liliwaweka wanawake mbali na mali iliyotoka ndani yake. Wazee walishika mahari, na aliyeshika mahari aliwashika vijana. Misafara ya pembe na watumwa ilipita, na wanawake waliuzwa kama wengine. Amani ya mipaka haimaanishi amani ya kila nyumba. Na hata mipaka haikutulia muda wote: Kimalaunga, mtu wa bunduki, aliitwaa Lyangalile na kuishika kwa mabavu mpaka Wajerumani walipomwondoa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kielelezo cha mwanaume anayekula kwa mtutu hakikukosekana. Ninachosisitiza ni kwamba vielelezo vilikuwa viwili, vilishindana, na kwa muda mrefu wenye jembe walishinda.

Wajerumani walileta kielelezo cha tatu. Ngome yao ilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaiita Bismarckburg. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897. Asiyelipa alifanyishwa kazi, anayekaidi alilazwa chini na kuchapwa. Katika Kiswahili chote cha bara neno moja la wakati ule halijafa: hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Fikiria kijiji ambacho heshima ya mtu mzima ilikuwa katika maneno, kisha mtu mzima huyo analazwa kifudifudi mbele ya mkewe na wanawe. Kiboko kilifundisha kwamba mwenye amri ni mwenye fimbo, na kwamba anayechapwa akilia amezidi kudhalilika. Somo hilo lilitolewa hadharani, kwa miaka mingi, na serikali.

Kisha Waingereza, na kodi ikaendelea. Uwanda ulikuwa mbali na reli na soko. Fedha ya kodi haikupatikana pale. Wanaume wakaenda kuitafuta: kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na zaidi ya yote kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliitwa kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na malori yakawachukua watu wa mikoa ya pembezoni kwa mikataba. Kambini wanaume walilala na wanaume, chini ya nyapara, mbali na mama, bibi, mke na mtoto. Huko nyumbani mke alilima ntumba peke yake na mtoto alikua akimjua baba kama sanduku litakalofika mwakani.

Hii ni dhana yangu, na naisema kama dhana: naamini hapo ndipo sumu ilipoingia kwa wingi. Baba wa Shepherd Bliss alifundishwa ukali jeshini akarudi nao nyumbani. Baba wa Ufipa alifundishwa kambini. Mtu aliyeitwa kwa namba miezi yote anaporudi anahitaji mahali ambapo yeye ni bwana, na mahali pekee alipoachiwa ni nyumba yake. Ukiongeza aibu ya kukuta nyumba imejifunza kuishi bila yeye, ugomvi una chanzo kisichohitaji mila yoyote.

Wamisionari nao wana ukurasa wao. Mapadre wa White Fathers walipokea ngome ya Karema mwaka 1885 kutoka kwa Wabelgiji, wakasambaa pwani ya Ziwa Tanganyika na uwandani. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Kifipa, ameonyesha jinsi walivyojitahidi kuiunda upya familia. Walimfundisha baba kuwa kichwa cha nyumba kwa namna mpya, wakapinga ndoa za wake wengi, wakaanzisha shule. Lakini pia wasichana waliosikia wito walipata mlango ambao haukuwepo: utawa wa Masista wa Maria Malkia wa Afrika huko Karema uliwapa maisha ya heshima bila mume wala mahari. Kanisa lilimwinua baba na wakati huohuo likawapa mabinti njia ya kumkwepa. Hayo mawili hayapatani kirahisi, na sina haja ya kuyapatanisha.

Neno "mila" lenyewe lilipata umbo lake gumu wakati huo. Chini ya utawala wa Waingereza, mahakama za wenyeji ziliulizwa mila zao ni zipi, na waliojibu walikuwa wazee wanaume. Kilichokuwa kikijadiliwa na kubadilika kikaandikwa. Mwaka 1963, Tanganyika huru ikatangaza sheria za mila zilizokusanywa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na ndani yake binti aliwekwa daraja la mwisho la urithi na mjane akakosa fungu lake. Mtu anayesema leo "ni mila" mara nyingi anasoma, bila kujua, karatasi ya ofisi.

Mwaka huohuo, 1963, Ufipa ilikuwa na harakati nyingine. Walifika Kamchape, waganga wa kufichua wachawi, wakazunguka vijijini hadi mwaka 1964, na Willis alikuwepo akaandika. Waliwapanga watu mstari, wakamtaja mchawi, wakamchanja dawa na kumtaka atoe vitu vyake. Kabla yao, miaka ya 1930, walipita Mchapi kutoka Nyasaland. Mara nyingi vijana ndio walioshangilia na wazee ndio waliotajwa. Wenyeji husema jina Sumbawanga lenyewe maana yake ni kuutupa uchawi. Nchi hii inajua kinachotokea jina baya linapogandishwa kwa mtu badala ya tendo lake. Anayeitwa mchawi hana cha kuonyesha kujitetea. Akikana, kukana kwake ni ushahidi. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa jina hilo.

Ndiyo maana naogopa ninapomsikia msichana msomi akimwambia kaka yake "wewe ni sumu". Ametumia lugha ya Kamchape. Kaka anaweza kujibu nini? Mwambie alimnyang'anya mkewe fedha za mahindi, mwambie alimpiga kofi Jumapili, mwambie amemkataza mwanawe kulia msibani. Hayo yana tarehe na yana mashahidi, na mtu anaweza kuyaacha. Naogopa vilevile ninapomsikia kaka akisema maneno haya yote ni vita ya wazungu dhidi ya wanaume. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, Julius Nyerere, mwanaume na Mzanaki, alisema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Hakuna aliyedai kwamba Mwalimu anauchukia uanaume.

Mahindi yaliikuta hali hiyo na kuizidisha. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na miaka ya 1980 ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ulezi ulikuwa chakula na pombe ya nyumbani. Mahindi yalikuwa fedha. Plau ya maksai ikafuata, na plau ilikuwa ya mwanaume. Palizi ikabaki ya mke, gunia likaandikwa jina la mume. Mwanaume wa jembe alirudi nyumbani kutoka mkonge, lakini ntumba ya wawili haikurudi naye.

Takwimu za taifa zinasema jambo ambalo pande zote mbili za ubishi hazipendi kulisoma. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu yoyote kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake asilimia 58 walikubali. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Kama sumu ingekuwa damu ya wanaume, hesabu ingekuwa kinyume. Inafundishwa, na wanafunzi wake ni wote, na mama anaimwaga sikioni mwa mwanawe kwa mapenzi kabisa anapomwambia mwanaume halii. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake asilimia 40 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27. Hizo bado ni nyingi mno, lakini kitu kinachopungua hivyo hakiwezi kuwa asili ya mtu.

Nawaomba wajumbe wa mabaraza ya kata, Mollo na kwingineko, jambo moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Siku mume atakaposimama mbele yenu aseme alimpiga mkewe kwa sababu ndiyo mila ya Wafipa, msimwite sumu, wala msimwachie aende. Muulizeni ni mila ya mwaka gani, na alifundishwa na nani.